Thing: baraza lililogeuka kitu

Niliwahi kuombwa kufasiri mistari michache ya Beowulf, ule utenzi mrefu wa Kiingereza cha kale ambao nakala yake pekee iliponea chupuchupu kuteketea London mwaka 1731. Kingo za kurasa zake ziliungua. Shujaa amevuka bahari kumsaidia Hrothgar, mfalme wa Denmark. Kwa miaka 12 zimwi liitwalo Grendel limekuwa likivamia ukumbi wa mfalme usiku, likibeba watu na kuwatafuna. Beowulf anasimama mbele ya mfalme na kutangaza kwamba atalikabili peke yake. Maneno yake, mstari wa 425 na 426, ni haya: ana gehegan ðing wið þyrse.

Kamusi nilikuwa nayo. Ana ni peke yangu. Wið þyrse ni na zimwi. Gehegan ni kuendesha, kutimiza. Likabaki neno moja ambalo sikuona haja ya kulitafuta, kwa sababu mtoto yeyote wa shule ya msingi anajua thing ni kitu. Nikaandika: "Nitafanya kitu na zimwi, mimi peke yangu." Nikajicheka, nikafuta, nikaifungua kamusi tena. Hapo ndipo nilipojua kwamba neno lile nililolidharau ndilo gumu kuliko yote katika mstari ule.

Kwanza tuondoe vitisho vya herufi. Ð na þ zote mbili zilibeba sauti zetu mbili, th ya thelathini na dh ya dhahabu, na waandishi wa kale hawakuhangaika kuzigawia kazi: mmoja aliandika ðing, mwingine þing, na huenda mtu yuleyule akaandika yote mawili. Watu wa pwani wanaotofautisha thamani na dhamana wangewatia adabu. Hiyo þ iliitwa mwiba, na ilitoka kwenye maandishi ya kuchonga ya mababu wa Wajerumani. Mitambo ya kuchapa ilipofika Uingereza haikuwa na herufi hiyo, basi wachapaji wakaweka y mahali pake. Ukiona leo baa ya watalii Uingereza imeandikwa Ye Olde, ujue y hiyo ni þ iliyovishwa nguo za watu. Hakuna aliyewahi kutamka "ye".

Sasa neno lenyewe. Katika karne ya 7 huko Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, wafalme Hlothhere na Eadric walitoa sheria zilizotufikia kwa nakala moja tu, katika kitabu kilichoandikwa Rochester karne nyingi baadaye. Kifungu kimoja kinaeleza la kufanya mtu anapomshtaki mwenzake na kukutana naye an medle oþþe an þinge. Tafsiri: kwenye baraza au kwenye kikao. Medle na þing yote ni majina ya mkusanyiko wa watu wanaokaa kusikiliza kesi. Hakuna cha kushika mkononi hapo. Þing ni watu waliokaa pamoja, mdai upande huu, mdaiwa upande ule, na wazee wanasikiliza.

Vikao vya namna hiyo vilikuwapo muda mrefu kabla ya Kent. Mwaka 98 Tacitus, Mrumi, aliandika juu ya makabila ya Kijerumani kwamba hukutana kwa siku maalumu, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu. Huketi wakiwa na silaha zao. Makuhani ndio wanaonyamazisha watu. Hoja isipowapendeza hunung'unika, ikiwapendeza hugonganisha mikuki. Na hapa kuna jambo lililonifurahisha kuliko yote: Tacitus analalamika kwamba hawaji pamoja wala hawaji kama walivyoagizwa, bali siku ya pili na ya tatu hupotea wakingojana. Anasema ni kasoro inayozaliwa na uhuru wao. Nikikumbuka vikao vya harusi nilivyowahi kuhudhuria, vya saa nane vinavyoanza saa kumi na moja, nawasamehe wote.

Siku maalumu hiyo si jambo dogo. Lugha ya Wagothi, ndugu mkubwa wa Kiingereza katika ukoo wa Kijerumani, ina neno þeihs, na katika Biblia yao ya karne ya 4 maana yake ni wakati. Wanaisimu wengi wanalihesabu kuwa ndugu wa þing, na ukiyaweka pamoja unaona njia: wakati uliopangwa, kisha mkutano wa wakati huo. Sisi tungesema miadi. Wapo pia wanajeshi wa Kijerumani waliotumikia Roma kwenye ukuta wa Hadrian, kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 1883 zilichimbuliwa huko Housesteads madhabahu walizomchongea Mars Thincsus, yaani Mars, mungu wa vita wa Warumi, akiwa Mars wa kikao. Wengi wanaamini jina hilo ndilo lililojificha ndani ya dinsdag, Jumanne ya Waholanzi.

Basi lilifikaje kutoka kikao hadi kijiko? Kwa nini leo Mwingereza akiona kidude asichokijua jina anasema thing?

Mswahili ana bahati, kwa sababu anayo mahali pa kusimama na kuitazama safari hiyo. Analo neno shauri. Lilitujia kutoka Kiarabu, kwenye jamii moja na shura, na maana yake ya kwanza kwetu ni kushauriana: watu walikaa, wakafanya shauri. Kisha likawa kile kinachotokana na kikao, yaani ushauri: mpe shauri jema. Kisha likawa kinachopelekwa kikaoni, ambacho ni kesi. Mahakama za Tanzania mpaka leo zinahesabu mashauri, ya madai na ya jinai, kila moja na namba yake. Kisha likatoka nje ya mahakama likawa jambo lolote lile: hilo ni shauri jingine. Likazidi kushuka mpaka likawa sababu tu: nimechelewa kwa shauri ya mvua. Mwisho likawa lawama, pale mama anapomwambia mtoto asiyesikia, "Shauri yako." Katika "shauri yako" hakuna kikao, hakuna wazee, hakuna kesi. Lakini neno ni lile lile.

Þing lilipita humo humo, hatua kwa hatua. Kitenzi chake kilikuwa þingian, na maana yake ilikuwa kuombea, kusuluhisha, kupatana. Aliyefanya kazi hiyo aliitwa þingere, wakili, na wahubiri wakalitumia jina hilo kwa watakatifu wanaowaombea watu mbele ya Mungu. Kutoka kikao likaja kuwa linalojadiliwa kikaoni, kutoka hapo likawa jambo. Hata "kwa shauri ya" walikuwa nayo: for his þingum ilimaanisha kwa ajili yake, kwa sababu yake. Ningekuwa na mwanafunzi wa Kiingereza cha kale hapa Afrika Mashariki ningemfundisha neno hilo kwa dakika tano. Yule wa London lazima umchoree mchoro.

Hatua ya mwisho ndiyo ambayo shauri letu halijaipiga. Jambo ni la kuwaza na kusema. Kitu ni cha kuona na kugusa. Lakini ukishakuwa na neno linaloweza kusimama badala ya lolote unalozungumzia, halichagui tena. Leo unazungumzia ugomvi wa mpaka, kesho unazungumzia ng'ombe aliyesababisha ugomvi, na neno ni moja. Katika maandishi ya kale ya Kiingereza maana zote zinaishi nyumba moja: þing ni baraza, ni kesi, ni jambo, ni kiumbe, ni kitu. Ila baraza lilikuwa limeshaanza kuzeeka.

Wala si Waingereza peke yao. Causa ya Kilatini ilikuwa kesi mahakamani, na sasa ndiyo cosa ya Waitaliano na Wahispania, na chose ya Wafaransa, yote kitu. Sacu ya Kiingereza cha kale ilikuwa ugomvi na mashtaka. Kwa Wajerumani ndugu yake ni Sache, kitu au jambo, na kwa Waingereza limebaki kijipande ndani ya for the sake of, kwa ajili ya. Ulaya nzima, nathubutu kusema, ilipotaka jina la kitu ilikwenda kuliazima mahakamani.

Na vijana wetu wanalifanya hilo tukiwaangalia. Kesi tuliipokea kutoka kwa Waingereza pamoja na majaji wenye mawigi. Leo mtu wa Dar es Salaam ukimwomba radhi kwa kumkanyaga mguu kwenye daladala anaweza kukujibu, "Haina kesi." Anachomaanisha ni kwamba si kitu. Tuiache miaka mia tano tuone.

Maneno yetu ya asili yalikuwa na njia nyingine, ya mdomo. Neno linatoka kwenye kunena, na bado mzee anaweza kukuuliza "una neno?" akimaanisha una tatizo, au kukutuliza kwa "si neno". Jambo nalo lina uhusiano na kuamba, kitenzi cha zamani cha kusema ambacho kimetuachia kwamba. Vuka uende Kongo: kwa Kilingala likambo ni jambo, kesi, matata, na wingi wake ni makambo. Kwa hiyo sisi jambo ni lililosemwa, Wazungu ni lililosikilizwa barazani. Tofauti si kubwa kama inavyoonekana, maana baraza ni nini kama si kusema? Kijana wa mtaani anaposalimia "Mambo?" na Mwingereza anapouliza How are things?, wameshika maneno mawili yaliyoanzia kwenye mazungumzo ya watu, na hakuna kati yao anayeulizia vitu.

Kuna neno moja la Kiswahili lililosafiri barabara hiyo hiyo likiwa limegeuzia uso upande wa pili. Nenda Mji Mkongwe wa Zanzibar, au Lamu, uangalie nje ya nyumba kongwe. Kuna kiti kirefu cha mawe kilichojengewa ukutani, kimepakwa chokaa, kimelainishwa na migongo ya vizazi. Hicho ndicho baraza. Jioni watu hukaa hapo wakapiga soga, wakacheza bao, muuza kahawa akapita na buli lake. Mvua kubwa ikifurika uchochoroni, wapita njia huparamia juu yake wasiloane miguu. Kutoka kwenye kiti hicho tukapata watu wanaokaa juu yake, kisha kikao chao, kisha baraza la chifu, Baraza la Wawakilishi, Baraza la Mawaziri. Neno la Kiingereza lilianza ni bunge likaishia ni kitu, na baraza letu lilianza ni kitu likaishia ni bunge. Yangekutana katikati, sijui yangesalimianaje.

Kwa nini basi Waingereza waliiacha maana ya baraza? Sababu moja ni kwamba walikuwa na neno jingine lililofanya kazi hiyo vizuri zaidi, gemot, ambalo ndilo lililotumika kwa vikao vya wilaya na vya washauri wa mfalme. Baada ya 1066 watawala waliozungumza Kifaransa wakaleta maneno yao ya mahakama, halmashauri na bunge, na gemot nalo likasukumwa pembeni. Þing likaachwa na kazi nyepesi, na neno lenye kazi nyepesi hutumwa kila mahali. Liliungana na wenzake wakazaliwa nothing, something, anything, everything. Ukitaka kulitania, nothing ni "hakuna kikao".

Lakini Waviking, mabaharia na wavamizi kutoka Skandinavia, walikuwa wamelileta tena kwa mlango wa nyuma. Kwao þing lilikuwa hai kabisa, na kila walipokaa waliweka uwanja wa kukutania, þingvöllr. Majina yamebaki ardhini: Thingwall karibu na Liverpool, Tingwall katika visiwa vya Shetland, Dingwall huko Scotland, ambako wanaakiolojia walikuja kutambua kwamba kilima cha kikao kilikuwa chini ya maegesho ya magari. Kisiwa cha Man kina Tynwald, bunge lake, ambalo kila Julai hukutana hadharani kwenye kilima cha ngazi nne na kusomewa sheria mpya.

Waviking pia waliacha husting, kikao cha ndani ya nyumba. Moja ya mara za kwanza tunapolikuta neno hilo katika Kiingereza si pa kupendeza. Mwaka 1012 jeshi la Denmark lilikuwa limemshika Ælfheah, Askofu Mkuu wa Canterbury, na yeye akakataza mtu yeyote kumlipia fidia. Kumbukumbu za wakati ule zinasema askari walikuwa wamelewa sana, kwa kuwa mvinyo ulikuwa umeletwa kutoka kusini. Wakampeleka kwenye husting yao, wakamtupia mifupa na vichwa vya ng'ombe, mpaka mmoja akampiga kichwani kwa kisogo cha shoka, akafa. Kanisa lenye jina lake liko Greenwich hadi leo. Neno lenyewe halikufa naye. Likawa jina la mahakama ya jiji la London, kisha la jukwaa ambalo wagombea ubunge walisimama kupendekezwa na kuzomewa, hadi sheria ya kura ya siri ya 1872 ilipoliondoa jukwaa. Siku hizi hustings ni mikutano ya wagombea kujieleza mbele ya wapiga kura. Mwanasiasa wa Uingereza akienda huko hana habari kwamba ndani ya neno hilo kuna thing.

Mahali ambapo þing halikuwahi kushuka cheo ni Iceland. Mwaka 930 watu wa kisiwa kile walianza kukutana kila kiangazi huko Þingvellir, kwenye ufa mkubwa wa miamba. Sheria hazikuwa zimeandikwa. Alichaguliwa mtu mmoja wa kuzikariri kwa sauti kutoka juu ya mwamba, theluthi moja kila mwaka, amalize zote kwa miaka mitatu. Hapo ndipo, karibu na mwaka 1000, waliamua kuingia Ukristo. Bunge lao, Alþingi, lilifutwa mwaka 1800, likarudi Reykjavík mwaka 1845, na bado lina jina lilelile. Norway wana Storting, baraza kubwa. Denmark wana Folketing, baraza la watu, na wao wametatua tatizo kwa njia ambayo Mswahili ataipenda mara moja: wametumia ngeli. En ting ni kitu. Et ting ni baraza. Neno halibadiliki hata herufi, kinachobadilika ni kile kinachotangulia.

Turudi kwa zimwi, maana nilikuwa na kazi ya watu mkononi.

Nilipoelewa kwamba gehegan ðing ni msemo wa kuitisha na kuendesha kikao, niliona kwanza ni fumbo la ajabu. Nani anaitisha kikao na zimwi? Nikarudi nyuma mistari mia mbili na sabini hivi, pale msimuliaji anapoeleza ubaya wa Grendel. Hakusema tu kwamba anaua. Alisema kwamba hataki amani na mtu yeyote wa Denmark, na kwamba hakubali kumaliza ugomvi kwa kulipa. Siku zile mtu alipouawa, ukoo wa muuaji ulilipa diya, wazee wakakaa, damu ikaishia hapo. Zimwi limekataa hilo. Na kitenzi alichokitumia mtunzi, mstari wa 156, ni þingian, cha shina lile lile. Fea þingian, kusuluhisha kwa mali.

Kwa hiyo Beowulf hakuchagua neno kwa bahati. Grendel amekataa baraza kwa miaka 12, basi baraza litamfuata alipo, na mdai, hakimu na mtekeleza hukumu watakuwa mtu mmoja, mikono mitupu. Usiku ule alimng'oa mkono mzima, na mkono huo ukatundikwa ndani ya ukumbi kila mtu auone.

Kiswahili kilikuwa na msemo wake muda wote, nami nilikuwa nikiutafuta mbali. Nikaandika: "Nitakata shauri na zimwi, mimi peke yangu." Mhariri alirudisha karatasi akiwa ameizungushia duara "kata shauri", na pembeni kaandika: mbona hamkukaliwa kikao chochote? Nikamjibu kwa kumwandikia namba tu, 156.